Mthamini Alikuja Jumanne

Veikko, mthamini amekuja.
Kijana wa watu, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa,
soksi moja imetoboka kwenye kidole gumba.
Nikampenda kwa hilo, kabla hajaanza kuhesabu.

Alianza kwa nje,
na kile kidude kinachorusha nukta nyekundu ukutani,
akizunguka kama fundi anayempimia mtu jeneza.
Theluji ya Machi ilimfika magotini upande wa ziwa.
Hapa Duluth kila mgeni hulitazama ziwa.
Yeye akaandika: Mandhari, wastani.

Paa jipya nililitaja mwenyewe.
Dola elfu kumi na tisa, nikasema,
deni lake nimelimaliza Oktoba.
Akatabasamu kama daktari.
"Paa, mama, ni jambo linalotarajiwa.
Likiwa bovu, nyumba hushuka.
Likiwa zima, nyumba hubaki ilipo."
Elfu kumi na tisa, Veikko, ili tubaki tulipo!

Yale makabati ya jikoni uliyoyapaka manjano
mwaka ule kiwanda kilipofungwa na mikono yako ikakosa la kufanya,
aliyafungua, akayafunga.
Ya zamani.
Kwa akina Archambault, nyumba ya tatu,
wameweka graniti na sinki la kuogea ndama,
na hapikiki kitu humo ila kwa mikrowevu.
Ile imepanda.
Choo cha pili, kile cha chini ya ngazi ulichokilaani mwezi mzima,
nacho kimetupandisha, usishangae.
Boila haikupandisha kitu. Boila haionekani.

Akashuka kwenye sauna.
Mierezi ya stoo ya baba yako, ubao kwa ubao,
mle Kaarina alimotamka neno lake la kwanza,
nalo lilikuwa "moto".
Akanusa. Nakuapia, alinusa.
"Wapo wanaoipenda," akasema,
kisha akaandika futi za mraba, sifuri,
kwani kilicho chini ya ardhi hakihesabiwi.
Nikaguna.
Hakujua naguna nini.

Halafu ile njia ya mteremko, mlangoni.
Umekaa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani,
unamfokea Eino wa jirani:
inchi moja kila futi, mzembe wewe,
inchi moja kila futi, mimi si gunia la viazi!
Mbao arobaini na moja.
Uliipita miezi saba.
Kijana alisimama juu yake, akaandika kwa muda mrefu kidogo.
"Mnunuzi wa kawaida ataibomoa," akasema kwa upole.
"Gharama ya kubomoa nitaiondoa. Elfu mbili na mia nne."

Nyumba usiyoilalia hujui mlio wake.
Ubao wa saba hulia.
Ukilia usiku nilijua umetoka kuvuta ile sigara ya wizi,
nami nikageukia ukutani, nikajifanya nimelala.
Ningemwambia, angeiandika safu gani?

Basi benki ilitaka namba, na namba imekuja.
Kurasa kumi na nne. Kwenye picha ya sebule
miguu yangu imeingia pembeni, na ndara zako nimezivaa.
Namba si mbaya. Inatosha mkopo wa madirisha,
na madirisha yataongeza thamani,
ingawa, kasema, si yote utakayoyalipia.
Kaarina kapiga simu: mama, ibomoe mwenyewe sasa,
Eino atakusaidia kwa chupa ya kahawa,
hizo elfu mbili zirudi.
Ana akili, mtoto wako. Hesabu kaipata kwangu.

Leo asubuhi nimetoka na nyundo.
Theluji imeanza kuyeyuka, mbao zinatoa mvuke.
Kwenye ubao wa saba kuna msumari ulikuwa umechomoza.
Nimeupigilia ndani,
kisha nikaukanyaga ubao, kuhakikisha.

Bado unalia.